Mwaka Ambao Hakuna Aliyekuja Kupimwa

Watu wengine husubiri sikukuu. Sisi kwetu tulisubiri shule zifunguliwe. Si kwamba kuna kati yetu aliyekuwa bado anasoma. Mimi ndiye mdogo wa nyumba nzima, na nilishamaliza zamani, nikafeli hesabu kwa heshima zote. Tulichosubiri ni zile wiki za mwisho wa likizo, watoto wanapozurura mitaani kwa kukosa la kufanya, na wazazi wanaanza kugundua kwamba sketi ya mwaka jana imepanda juu ya magoti na kaptula imetoboka makalioni. Hapo ndipo nyumba yetu ilipokuwa inafufuka.

Mama ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata Baba anamwita Fundi, na nadhani kuna majirani wanaoamini ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Chumba cha mbele, ambacho nyumba nyingine huweka makochi na televisheni, kwetu kina cherehani mbili, meza ya kukatia, stuli moja na vumbi la nyuzi ambalo halijawahi kuisha tangu nizaliwe. Miezi mingine yote Mama hushona vya hapa na pale: zipu iliyoachia, pazia, gauni la mtu aliyenenepa ghafla. Baba ni mlinzi kwenye ghala, anaingia jioni na kutoka asubuhi, hivyo yeye na Mama hupishana mlangoni kama wapangaji. Bibi, mama yake Mama, hushinda chumbani kwake na redio yake. Shangazi, dada yake Baba, anaishi mbali na mume ambaye hapendi kumzungumzia. Mimi nasaidia kushona, na muda unaobaki nagombana na watu.

Lakini msimu wa sare ukifika, Baba anachukua likizo yake ya mwaka. Wenzake huchukua likizo wakalale. Yeye huchukua likizo apige pasi, na marinda yakitoka mikononi mwake unaogopa kuyagusa yasikukate. Bibi anatolewa chumbani, anawekwa karibu na mlango penye mwanga, anapewa kopo la vifungo. Amekula chumvi nyingi, sura za watu zimeanza kumpotea, lakini uzi na sindano havijawahi kumshinda. Shangazi anateremka na mkoba wake na umbea wa mwaka mzima, anakalia cherehani ya pili, na kuanzia hapo hakuna kimya. Tunakula tumesimama. Tunagombania mkasi. Shangazi anamwambia Mama kwamba alimtoa kaka yake kwao akiwa mwanamume, na sasa amemgeuza dobi, na Baba anacheka mpaka anaunguza kola. Hizo ndizo wiki pekee katika mwaka ambazo sisi tunakuwa familia badala ya watu wanaotumia choo kimoja. Ninazipenda kuliko kitu chochote. Nalisema hili mapema ili ujue kwa nini nilikasirika namna nilivyokasirika.

Jambo jingine la kujua ni kwamba Mama hapimi watoto kwa futi. Anasema mtoto ukimsogezea futi anavuta tumbo ndani, ananyoosha shingo, anakuwa mtoto mwingine. Yeye huwapima mwaka mzima kwa macho, wakipita mbele ya mlango wetu kwenda shule na kurudi. Anajua nani amerefuka miguu tu, nani amepanuka mabega, nani anakula vizuri siku hizi. Kwa hiyo kabla mzazi hata mmoja hajabisha hodi, Mama anakuwa ameshakata. Kila mtoto ana fungu lake la kitambaa cha kijani, limefungwa kwa uzi na kupangwa mezani. Mzazi akija, mtoto anapanda kwenye stuli, Mama anachomoa fungu lake bila kutafuta, anamvalisha vipande kwa pini, na huko ndiko tunakokuita kupimwa. Wazazi hushangaa kila mwaka, na Mama anapenda washangae. Ndiyo majivuno yake, na kwa kuwa hana mengine, tulimwachia.

Mwaka huu alikata mapema kuliko miaka yote, na alikata zaidi. Alinunua majora yote ya kijani yaliyokuwa kwa muuza vitambaa, akakata dirishani huku anaimba. Aliniambia kwamba msimu huu, yeye akishamaliza kukata, nitakaa mimi mbele na yeye atakaa nyuma, kwa sababu macho yanaanza kuchoka na mtu lazima ajue atamwachia nani. Sikulala vizuri kwa furaha. Shangazi akaja, Baba akapata likizo, pasi ikawashwa, mlango ukafunguliwa pande zote mbili. Tukakaa.

Hakuna aliyekuja. Shangazi akasema labda watoto wa mwaka huu wamegoma kukua. Tukacheka. Kesho yake tukakaa tena, na kicheko kikawa kidogo. Baba akapiga pasi mapazia yetu, kisha akapiga pasi taulo. Bibi akapanga vifungo kwa rangi, akavimwaga, akavipanga kwa ukubwa. Watu walipita nje, wakasema habari za kazi, Fundi, wakapita haraka. Mama akasema wamechelewa, mambo ni magumu kila mahali, watakuja wote kwa mkupuo na watatukoma.

Kisha wakapita pacha wa jirani. Mama yao, ambaye sote tunamwita Mama Pacha, ametenganishwa na sisi kwa ukuta mmoja tu. Akikaanga kitunguu tunapiga chafya sisi. Wale wasichana wake wawili ndio waliokuwa wa kwanza kupimwa kila mwaka, na mafungu yao ndiyo yaliyokuwa juu kabisa mezani. Walikuwa wamebeba mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, na ndani mlikuwa na sare mpya. Rangi ya bluu.

Nilitoka nikamkuta Mama Pacha kwenye kizingiti chake. Nikamuuliza zile nini. Akaniangalia, akaangalia chini, akasema alidhani tumeshaambiwa. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma kosa lake mwenyewe, kwamba shule imebadilisha rangi, na kuanzia sasa sare zote zinatoka kwa mzabuni mmoja, zimeshonwa tayari, zinauzwa hukohuko shuleni. Lilipitishwa kwenye mkutano wa wazazi, muda mrefu tu uliopita. Sisi hatukuwa na mtoto shuleni, kwa hiyo hatukuitwa. Nikamuuliza nani alitakiwa kutuambia. Akasema kila mtu alidhani mwenzake atasema.

Mtaa mzima ulijua. Kuhamia bluu ni haki yao, shule ni yao na watoto ni wao. Kilichoniuma ni kwamba walipita dirishani kwetu wakamwona mwanamke anakata kitambaa cha kijani siku baada ya siku, anaimba, wakamsalimu, wakaenda zao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumewashonea hizo nguo wenyewe.

Nilimwambia Mama moja kwa moja, kwa sababu mimi sijui kuzunguka. Aliuliza swali moja tu, ni rangi gani. Nikasema bluu. Akaweka chaki chini, akafunika cherehani kwa kitambaa chake, akaenda kulala akageukia ukutani. Ilikuwa mchana kweupe. Mama yangu sijawahi kumwona kitandani mchana, hata alipokuwa na malaria alishona amekaa na blanketi.

Hakuamka siku hiyo, wala iliyofuata, ila kwenda chooni. Baba alimpelekea chai ikapoa, akampelekea nyingine. Shangazi alijaribu utani wake wote wa mawifi, hata ule mchafu, akaambulia mgongo. Chumba cha mbele tukakaa tukitazamana, watu wazima wenye afya zao, katika wiki tulizozisubiri mwaka mzima, na hatukuwa na la kuambiana. Niligundua kwamba tulikuwa hatujui kukaa pamoja bila kazi katikati. Baba alikuwa anaanza kusema jambo, anaishia kuuliza kama kuna maji ya kunywa.

Jioni moja nikawasikia yeye na Shangazi wakinong'ona jikoni. Shangazi anamjua mtu huko kwao anayetafuta cherehani za kununua. Baba akasema pengine ni heri, macho ya Fundi yenyewe yamechoka, apumzike. Walisema kwa upendo, najua. Lakini mimi namjua Mama. Cherehani zikitoka mle ndani yeye hatapumzika, atakwisha. Atabaki yule mtu wa kitandani anayegeukia ukuta, na tutamzungushia chai mpaka tumzike. Niliingia jikoni nikawaambia atakayegusa cherehani nitamuuma, na sikuwa natania.

Asubuhi nikaenda shuleni kwa Mwalimu Mkuu. Ni mwanamke mstaarabu, hilo siwezi kumnyima. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza nikifoka, akaeleza kwamba wazazi walilalamika sare hazifanani, kijani cha huyu si kijani cha yule, na kwamba mzabuni ana bei moja kwa wote. Alisema anamheshimu sana Fundi. Alilisema mara nyingi, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha akanyoosha mikono mezani na kuniletea kile alichokiona ni zawadi. Sare za mzabuni, akasema, zimekuja kwa saizi chache, na baadhi ya watoto zinawapwaya. Fundi anaweza kuja na cherehani yake, akakaa kwenye varanda ya shule wiki ya kufungua, akawa anapunguza.

Nikasimama. Nilimwambia mama yangu hawezi kukaa varandani kama ombaomba akifupisha uzembe wa watu wengine, na kwamba hiyo varanda wamweke huyo mzabuni wao. Nikasema na mengine ambayo sitayarudia kwa kuwa Bibi yangu atasikia. Nikatoka bila kuaga.

Barabarani nilitembea kifua mbele. Nilipokaribia nyumbani kifua kikaanza kurudi mahali pake, maana nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeikataa kazi ambayo sikuitiwa mimi. Niliwakuta wote chumba cha mbele, nikawaeleza. Shangazi akapiga makofi. Baba hakupiga.

"Umemkatalia mtu aliyelala," akasema. "Hata hujamuuliza."

"Ningemuuliza nini? Angekubali aende akadhalilike?"

"Sijui. Na wewe hujui."

Kitanda kikalia huko chumbani. Mama akatokea mlangoni, nywele zimesimama upande mmoja, alama ya mkunjo wa mto imemkaa shavuni.

"Nani kakataa nini?" akauliza.

Nikamwambia. Nilisema polepole, nikipunguza pale nilipotukana, lakini ananijua, akajazia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanikumbatia. Niseme ukweli, nilishaanza kusogea.

"Kwani mimi nimekufa?" akasema. "Nimekufa, umenirithi na mdomo? Kazi imeletwa kwa jina langu, cherehani ni yangu, aibu ni yangu, wewe unakataa kama nani? Hayo maneno yalikuwa ya kwangu kuyasema. Yangu. Umeniachia nini sasa?"

Nikafungua mdomo, Bibi akanikanyaga mguu. Mama akaingia bafuni tukasikia maji. Alitoka akavaa gauni lake la maana, lile la kijivu alilojishonea mwenyewe lenye kola ndogo, akamwambia Baba alipige pasi mgongoni palipokunjamana, na Baba akalipiga likiwa mwilini mwake, anaigusisha pasi na kuiondoa, mkono mmoja umemshika bega. Kisha Mama akaniambia nivae viatu.

Tulitembea mtaa mzima bila yeye kuniongelesha. Watu walimwona wakasimama. Kila aliyemsalimu alimjibu, na kila aliyemjibu alimwangalia machoni mpaka yule mtu akapata shughuli ya ghafla. Mimi nikamfuata nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba anakwenda kukubali. Atakubali ili anikomoe, nikawaza, au atakubali kwa sababu amechoka, na nitambeba hiyo cherehani kichwani mwenyewe mpaka varandani, iwe ndiyo adhabu yangu.

Mwalimu Mkuu alituona akasimama haraka. Mama akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Binti yangu kaja hapa kakataa kitu," akasema. "Nimekuja kusikia alichokataa."

Mwalimu Mkuu akakieleza upya, safari hii kwa sukari zaidi. Mama akawa anauliza. Varanda ipi, ya mbele au ya nyuma. Kiti cha shule au aje nacho. Uzi wa bluu wa nani. Mtoto akisema nguo imeharibika, lawama za nani. Mwalimu Mkuu alijibu kila swali, na kadiri alivyojibu uso wake ulizidi kuchangamka, maana mtu anayeuliza habari za kiti ni mtu anayekuja kukaa. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepasuka pembeni, na niliijua vizuri kabla hajamaliza.

"Swali la mwisho," Mama akasema. "Mlishindwaje kuniambia kabla sijakata?"

Mwalimu Mkuu akasema walidhani mzazi mmojawapo angemwambia.

"Mko wengi," Mama akasema.

Nje kuna mtu alikuwa anapaka rangi ukuta kwa kujiandaa na ufunguzi, tukamsikia akiburuta ngazi.

"Haya, nimesikia. Kazi yenyewe si mbaya, mwenye shida nayo aifanye, wala asichekwe. Mimi siitaki. Sipunguzi nguo ambazo sikushona." Akasimama, akamshukuru Mwalimu Mkuu kwa muda wake, akaaga vizuri na kuulizia na hali ya nyumbani kwake. Tulipotoka getini ndipo akanigeukia. "Umeona mtu anavyokataa? Kwanza anasikiliza. Wewe ulikataa kelele, hukukataa kazi."

"Nisamehe, Mama."

"Sina hasira. Ila usinikatalie tena nikiwa hai."

Nyumbani akavua gauni la kijivu, akalitundika, akafunua cherehani. Akatuambia tukae. Baba akauliza, kwa uangalifu wa mtu anayeingia nyumba yenye mbwa, tunashona nini. Mama akaonyesha mafungu. Baba akamkumbusha kwamba hakuna mtoto atakayeyavaa hayo shuleni.

"Kitambaa hakijui kwamba kilikuwa kinakwenda shule," Mama akasema. "Msimu ni wangu. Sikupewa na mwalimu."

Basi tukaanza. Vipande vya watoto ni vidogo, huwezi kumvika mtu mzima sketi ya mtoto wa darasa la pili, kwa hiyo tuliyafungua mafungu tukaviunganisha. Mtoto wa kinyozi na mtoto wa dereva wakawa aproni moja. Wale ndugu watatu wa mwisho wa mtaa wakawa koti la muuza duka, na Shangazi akasema hawajawahi kuelewana hivyo maisha yao yote. Kanzu za kazi, foronya, mifuko ya sokoni, kifuniko cha redio ya Bibi. Nilikaa mbele, kama nilivyoahidiwa, ila badala ya kumpandisha mtoto kwenye stuli nilikuwa nakata watoto vipande. Mlango tuliuacha wazi pande zote mbili na redio tukaipandisha. Waliopita walitusikia, na hilo ndilo tulilotaka.

Usitegemee nikuambie kwamba msimu uliokoka. Haukuokoka. Aproni za kijani zina kikomo chake hapa duniani, na tulizonazo bado zipo, ukitaka njoo. Shangazi alijua atarudi kwake na mkoba mwepesi. Utani ulirudi lakini ulikuwa unakohoa kidogo. Na kuna nyakati Mama alichukua fungu, akalifungua uzi, akakaa nalo mkononi, na mimi nikajua anamwona aliyekuwa ndani yake, urefu wake, mabega yake, namna anavyokimbia. Kisha ananipa nikate. Kila aliponipa niliuchukia mtaa upya. Hasira nyingine ni za haki, na hiyo niliitunza vizuri.

Siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, sote tukiwa kazini, mlango ukaingiwa na kivuli. Alikuwa Mama Pacha, na wanawe mmoja kila upande, wamevaa bluu. Pacha wale hawafanani hata kidogo, mmoja mrefu mmoja mfupi, lakini walikuwa wamenunuliwa saizi moja. Mfupi sketi ilikuwa inafagia. Mrefu urefu wake ulimtosha, ila kiuno amekishika kwa mkono ili kisishuke. Walisimama kwenye kizingiti kama wageni, wao ambao walijifunza kutembea kwa kushikilia miguu ya meza yetu.

Mama Pacha alisalimu. Tukaitikia. Akasema, akimwelekea Mama, kwamba ana shida kidogo.

Mama hakuondoa mguu kwenye kanyagio. Mshono ulikuwa katikati. Hakuinua hata kichwa.

"Mjibu wewe," akaniambia.

Redio Shangazi akaizima. Baba akasimamisha pasi. Nilikuwa nimemwandalia mwanamke huyu maneno tangu siku ile ya mifuko ya plastiki. Nilikuwa nayo ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia, yamepangwa, mengine nilikuwa nayafanyia mazoezi nikioga. Yote yalikuwa hapo mdomoni. Nikayameza, nikamwambia aseme anachotaka.

Akasema. Sketi mbili, moja upindo, moja kiuno, kesho shule.

"Na kingine?" nikauliza.

Wale wasichana wakamwangalia mama yao.

"Nilinyoosha mkono kwenye mkutano," akasema. "Kila mtu alinyoosha. Halafu nikapita hapa dirishani, nikakuona, Fundi, unakata. Nikajua ndizo za wanangu, maana huwa unaanza na zao. Nikasema nitakuja jioni nikwambie. Nikasema kesho. Basi."

Cherehani ya Mama ikaendelea kwenda. Haikupunguza, haikuongeza. Nilisubiri nione kama ataingilia, na hakuingilia, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa ameniachia kweli, hata kama nitakosea.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Fundi hapunguzi nguo ambayo hakuishona. Na mimi sipunguzi. Lakini sindano tunayo, na uzi wa bluu nitakutafutia. Wavue wanao, wakae na Shangazi. Wewe kaa hapo hapo kizingitini, upunguze mwenyewe."

Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha. Nje watu walikuwa wanapita, ndiyo saa ya kutoka sokoni, na kizingiti chetu kinaonekana na kila mtu. Angeweza kuondoka. Nilitaka aondoke, na nilitaka abaki, vyote kwa nguvu moja.

Akakaa. Shangazi akawavalisha wale wasichana makoti mawili ya kijani ambayo hayajapata mnunuzi, wakayaburuta chumba kizima wakichekana. Bibi akapapasa kopo, akatoa sindano, akaitunga uzi kwa mara moja, akamkabidhi Mama Pacha. Mama Pacha hajui kushona, hajawahi kuwa na haja, alikuwa na sisi. Alikunja upindo, akajichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Waliopita walimsalimu na yeye akaitikia bila kuinua uso. Wengine walisimama kidogo kuangalia, na Mama aliwasalimu kutoka kwenye cherehani, kwa sauti ya juu, mmoja mmoja.

Alipofika mwisho alimpa Bibi sketi aikague. Bibi hakuitazama, alipitisha kidole gumba kwenye upindo kuanzia mwanzo, taratibu, akazunguka sketi nzima mpaka akarudi alipoanzia. Akamrudishia.

"Fumua," akamwambia. "Anza tena."

Mama Pacha akafumua.